Kabla ya dripu ya kemo, mgonjwa aulizwe kuhusu ganzi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo ambalo wanawake wengi wanaotibiwa saratani ya matiti wanalibeba kimya: ganzi na maumivu ya mishipa ya fahamu yanayoletwa na dawa za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Kila Oktoba, mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani ya matiti, Uganda nzima huhimizwa kujipima matiti na kuwahi hospitali, nasi tunaunga mkono. Lakini mama aliyewahi, akapasuliwa, akamaliza dripu zake zote, anaweza kurudi kwao Soroti au Kasese akiwa hawezi kufunga vifungo viwili vya begani kwenye gomesi yake. Hilo Oktoba halitajwi.

Sisi ni wauguzi na wafamasia wa tiba ya saratani. Ombi letu ni kwamba mgonjwa aulizwe kuhusu ganzi, na jibu lake liandikwe kwenye faili, kabla ya kila dripu kutundikwa. Ganzi ikishakomaa hakuna dawa ya kuiondoa. Zilizopo hutuliza maumivu tu. Nafasi ya kuikinga ni pale mwanzoni, wakati daktari bado anaweza kupunguza kipimo, kuahirisha au kubadilisha dawa.

Si kila dawa ya kemo huleta shida hii. Wagonjwa wengi huanza na ile dawa nyekundu, doksorubisini, ikiambatana na siklofosfamidi. Hiyo ndiyo inayoangusha nywele na kutapisha, na ndiyo inayoogopwa. Ikiisha hufuata paklitakseli au dosetakseli, dripu isiyo na rangi, na mgonjwa hushusha pumzi akidhani makubwa yamepita. Hapo ndipo ganzi inapoanzia. Karboplatini, ambayo baadhi huongezewa, nayo huchangia, ingawa si kwa ukali wa sisplatini. Anayepewa sisplatini ajue kwamba ganzi yake inaweza kuendelea kuongezeka miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, kwa hiyo asiache kuulizwa eti kwa kuwa amemaliza.

Ndani ya kila mshipa wa fahamu mna mirija midogo mno inayosafirisha chakula na vifaa kutoka kwenye kiini cha seli, kilicho karibu na uti wa mgongo, hadi ncha ya kidole. Paklitakseli huikamata mirija ya aina hiyo hiyo ndani ya seli ya saratani na kuigandisha, seli ikashindwa kugawanyika ikafa. Bahati mbaya dawa haichagui. Mshipa unaofika kwenye kidole gumba cha mguu una urefu wa karibu mita moja, na usafiri ukikwama, ncha ya mbali ndiyo inayokosa chakula kwanza. Ndiyo maana ganzi huanza kwenye vidole vya miguu, pande zote mbili sawasawa, ikapanda kama soksi, kisha ikashika ncha za vidole vya mikono.

Kiasi cha dawa kilichojumlishana mwilini kina uzito mkubwa. Kipimo hupangwa kwa eneo la mwili, yaani ukubwa wa ngozi yote. Tuchukue mama mwenye eneo la mita 1.6 za mraba. Katika mpango wa kila wiki hupewa paklitakseli miligramu 80 kwa kila mita ya mraba, yaani 128, mara 12: jumla miligramu 1,536. Katika mpango wa kila wiki tatu hupewa 175 kwa kila mita, yaani 280, mara 4: jumla 1,120. Mpango wa kila wiki hupendelewa kwa sababu nzuri. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba wanawake waliopata paklitakseli kila wiki waliishi zaidi kuliko waliopata kila wiki tatu. Lakini utafiti huo huo ulikuta ganzi ya wastani hadi kali kwa wanawake 27 kati ya 100 katika kundi la kila wiki, dhidi ya 20 katika kundi lile lingine. Hatusemi mpango wa kila wiki uachwe. Tunasema anayeupata aulizwe mara 12. Na kile kipimo cha 175 kimepangiwa saa tatu; mgonjwa anayewania basi la jioni asimwombe sista aifungulie dripu iende mbio.

Kuna jambo linalotuhusu sisi Waafrika hasa. Tafiti za Marekani zimeona mara kwa mara kwamba wanawake weusi hupata ganzi ya paklitakseli kwa wingi na ukali kuliko wazungu. Utafiti uitwao EAZ171, uliofanywa kwa wanawake weusi wenye saratani ya matiti na kuripotiwa 2024, ulilinganisha paklitakseli ya kila wiki na dosetakseli ya kila wiki tatu, na waliopata dosetakseli walipata ganzi kidogo na kupunguziwa vipimo vya dawa mara chache zaidi. Dosetakseli nayo ina yake: hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, na kuleta uvimbe wa mwili. Lakini daktari anayeona ganzi inakuja kasi ana njia ya kubadilisha, mradi ameambiwa.

Kabla ya dripu ya kwanza kabisa, uliza pia mgonjwa anakuja na nini. Kisukari huwa kimeshaanza kuila mishipa. Virusi vya Ukimwi navyo huila, na wako akina mama waliotumia stavudini, dawa ya zamani ya virusi hivyo, miaka ya nyuma, kabla Shirika la Afya Duniani halijashauri iondolewe, ambao miguu yao haijawahi kupona vizuri. Anayemeza isoniazidi kwa kifua kikuu, au kwa kukinga kifua kikuu, anahitaji vitamini B6 ya miligramu 25 hadi 50 kwa siku, la sivyo dawa hiyo peke yake humletea ganzi. Waragi, pombe kali, ya kila siku vivyo hivyo. Yeyote kati ya hawa anaanza safari mishipa ikiwa na jeraha tayari, na faili lake liseme hivyo ukurasa wa kwanza.

Sasa namna ya kuuliza. Swali la “Habari za tangu juzi?” hujibiwa “Nzuri tu, sista,” na dripu inatundikwa. Yaulizwe matatu, kwa maneno haya au yanayofanana nayo. Je, vidole vya miguu au mikono vina ganzi, vinachoma kama sindano au vinawaka moto? Je, kuna kazi ya mikono uliyokuwa unaifanya ambayo sasa inakushinda: vifungo, kuhesabu noti, kubofya simu, kutia uzi kwenye sindano, kusuka mkeka? Je, unajikwaa, au unamwomba mtu akushike unapooga na kuvaa?

Kisha kipimo kisicho na gharama. Mama afumbe macho, apewe sarafu ya shilingi 100 na ya 500, aseme ipi ni ipi kwa kupapasa. Aguswe kwa pamba kwenye kidole gumba cha mguu, aseme lini ameguswa. Penye uma wa mtetemo wa hezi 128, kile chuma kinachotetemeka kikigongwa, uwekwe kwenye mfupa wa kidole hicho hicho. Kutousikia mtetemo ni dalili ya mapema. Dakika tatu zinatosha.

Majibu yana ngazi zake. Ganzi ndogo isiyozuia kazi ni ngazi ya 1: andika, endelea, uliza tena wiki ijayo. Ikianza kuzuia kupika, soko, simu au fedha ni ngazi ya 2: daktari aambiwe kabla dawa haijachanganywa, kwa sababu hapo ndipo kupunguza kipimo au kubadilisha dawa kunapofikiriwa. Ikimzuia kuoga, kuvaa au kula mwenyewe ni ngazi ya 3, na dripu ya siku hiyo isitundikwe mpaka daktari aamue. Kosa linalotokea mara nyingi ni mgonjwa kufikishwa kwa daktari dawa ikiwa imeshaingia kwenye chupa. Kila mtu huona hasara kuimwaga, basi inaingia mwilini.

Na kwa nini wagonjwa huficha? Wengi huogopa kwamba wakisema watapunguziwa dawa na saratani itarudi. Hofu hiyo tunaiheshimu. Lakini kupunguza kipimo kwa sababu iliyopimwa si kuacha tiba, na mgonjwa aliyefikishwa ngazi ya 3 huishia kukatishwa dawa kabisa. Wengine huambiwa nyumbani kwamba wamekanyaga tego, wakapelekwa kuchanjwa chale kwenye miguu ambayo haina hisia, siku ambazo chembe nyeupe zao ziko chini. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kumuua mtu kabla ya saratani. Tunawaomba ndugu wa mgonjwa: ganzi hii ina chanzo kinachojulikana, mrudisheni kliniki.

Kuhusu kinga, kuna jambo moja ambalo wodi yoyote Uganda inaweza kulifanya, nalo ni glavu za upasuaji. Madaktari wa Japani walichapisha 2016 utafiti ambao mkono mmoja wa kila mgonjwa ulivalishwa glavu mbili za kubana na mwingine ukaachwa wazi wakati wa dripu ya paklitakseli ya aina iliyofungwa na albumini, protini ya damu. Mkono uliobanwa ulipata ganzi ya ngazi ya 2 na kuendelea kwa kiasi kidogo sana kuliko ule mwingine. Miongozo ya madaktari wa saratani wa Ulaya ya 2020 iliruhusu kubana na kupoza vifikiriwe. Mwaka 2025 utafiti wa Ujerumani ukalinganisha kubana kwa glavu na kupoza kwa baridi, na njia zote mbili zilipunguza ganzi ya mikono. Inadhaniwa kwamba kubana au kupoza hupunguza damu inayofika vidoleni wakati dawa iko nyingi kwenye damu, hivyo dawa kidogo zaidi inaifikia mishipa.

Utaratibu wake ni huu. Pete zivuliwe kwanza. Tafuta saizi inayomkaa sawasawa mgonjwa, kisha mpe iliyo chini yake: anayevaa 7 apewe 6.5. Avae mbili, moja juu ya nyingine, kila mkono, dakika 30 kabla ya paklitakseli kuanza, akae nazo muda wote, na azivue dakika 30 baada ya dripu kwisha. Kwa dripu ya saa moja hiyo ni saa mbili za kuvaa. Kucha ndefu huzipasua glavu, basi zikatwe siku iliyotangulia. Mikono ikitoka jasho ni kawaida. Vidole vikigeuka bluu, vikiuma au vikifa ganzi kabisa, zivuliwe mara moja; saizi ni ndogo mno.

Yanayoharibika ni haya. Kanula, yaani mrija mdogo wa kupitishia dripu, ikiwa nyuma ya kiganja, glavu huifunika, na dawa ikivuja nje ya mshipa hakuna anayeona. Kwa hiyo kanula iwekwe kwenye kigasha, juu ya pale glavu inapoishia, na isiwe upande ulioondolewa tezi za kwapa. Mkono uliokwisha kuvimba baada ya upasuaji usibanwe bila daktari kukubali. Kipimo cha oksijeni hakisomi vizuri kidole kilichobanwa; kiwekwe sikioni. Mwenye mzio wa mpira apate glavu zisizo na latekisi. Na glavu za uchunguzi, zile pana za kwenye boksi la 100, hazifai kwa kazi hii kwa sababu hazibani.

Barafu nayo inafanya kazi. Utafiti wa Japani wa 2018 ulitumia glavu na soksi zilizogandishwa dakika 15 kabla, muda wote wa dripu ya saa moja na dakika 15 baada, jumla dakika 90. Lakini inadai friza isiyozimika na glavu za kubadilisha zinapoyeyuka, na barafu ya mfuko wa plastiki ikiwekwa moja kwa moja kwenye ngozi huiunguza. Mgonjwa mwenye siko seli asipozwe hata kidogo. Kwa umeme wetu, tunachagua glavu.

Dawa za kukinga kwa kumeza hazipo. Tunalisema wazi kwa sababu maduka ya dawa yanauza matumaini. Asetili-el-kanitini, inayouzwa kama kirutubisho cha mishipa, ilijaribiwa Marekani kwa wanawake 409 waliokuwa wakipewa dawa za kundi la paklitakseli na dosetakseli, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kwamba waliokimeza walipata ganzi mbaya zaidi baada ya wiki 24. Vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 navyo humezwa kama njugu. Vingi vina B6 ya miligramu 100 au 200 kila kimoja, na B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu mishipa ya fahamu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kikomo cha mtu mzima mwaka 2023 hadi miligramu 12 kwa siku. Asiye na upungufu wala isoniazidi hana sababu ya kuvimeza, na anayevimeza amwambie daktari.

Maumivu yakishaingia, dawa yenye ushahidi bora ni duloksetini: miligramu 30 kwa siku wiki ya kwanza, kisha 60. Huwasaidia baadhi, si wote, na hupunguza maumivu kuliko inavyopunguza ganzi. Isiachwe ghafla. Mambo mawili yaangaliwe. Duloksetini hupunguza uwezo wa ini kuigeuza tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya matiti, kuwa dawa kamili, kwa hiyo anayetumia tamoksifeni asiandikiwe bila daktari wa saratani kujua. Pia isichanganywe ovyo na tramadoli, dawa ya maumivu ambayo wagonjwa wengi huwa nayo nyumbani. Zikikutana zinaweza kuleta kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata degedege. Amitriptilini ya miligramu 10 hadi 25 usiku hutumika sana kwa sababu inapatikana. Ushahidi wake ni dhaifu, ila humsaidia mtu kulala. Kwa maumivu makali kuna mofini ya maji, ambayo Uganda hutolewa bila malipo, na wauguzi waliofunzwa huduma shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, wameruhusiwa kisheria kuiandika tangu 2004. Hospice Africa Uganda, taasisi ya huduma hiyo iliyoanzishwa Kampala 1993, ndiyo iliyofungua njia hiyo.

Yale maumivu ya misuli na viungo yanayokuja siku mbili tatu baada ya dripu na kupungua ndani ya wiki ni kitu kingine, na parasetamoli husaidia. Mgonjwa apime joto kwanza kabla ya kuimeza. Parasetamoli hushusha homa, na homa ya nyuzi 38 baada ya kemo ni ya kukimbilia hospitali, hata usiku wa manane.

Nyumbani, adui ni moto na miguu mitupu. Matoke yakiiva hukandwa yangali ndani ya majani, na mkono wenye ganzi hauambii kwamba umeungua. Mtu mwingine akande, au kitumike kitambaa kinene kilichokunjwa mara kadhaa. Sufuria isiinuliwe kutoka kwenye sigiri kwa vidole. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko. Kandambili humvuka mguu mwenye ganzi bila yeye kujua, akatembea bila kiatu; viatu vya kufunika vyenye kamba au mkanda ni bora, na vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kwenye bodaboda, mguu uwe mbali na bomba la moshi. Kila jioni nyayo zikaguliwe, mtoto au mume akisaidia na tochi: malengelenge, mwiba, funza. Tochi iwe pia karibu na kitanda kwa ajili ya kwenda choo cha nje, maana anayekosa hisia za nyayo hutegemea macho ili asianguke. Na pilipili isipakwe kwenye ngozi isiyosikia.

Kutembea dakika 20 hadi 30 kwa siku, na kusimama kwa mguu mmoja ukishika ukuta, husaidia mizani ya mwili na hupunguza ukali wa dalili kwa baadhi. Baada ya dripu ya mwisho wengi hupata nafuu polepole. Mshipa wa fahamu hukua karibu milimita moja kwa siku, kwa hiyo sentimita 10 zilizokufa ni zaidi ya miezi mitatu ya kusubiri. Wako ambao ganzi haiishi hata baada ya miaka, na wanastahili kuambiwa hivyo tangu mwanzo.

Ganzi nyingine si ya kemo. Ya kwapani na ndani ya mkono wa upande uliopasuliwa hutokana na mshipa uliokatwa kwenye upasuaji. Ya kidole gumba na viwili vinavyofuata, inayoamsha usiku kwa anayetumia anastrozoli au letrozoli, vidonge vya homoni vya saratani ya matiti, huenda ni mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Lakini mama mwenye maumivu mapya ya mgongo, miguu inayolegea, ganzi sehemu za kukalia, mkojo unaoziba au kutoka wenyewe, huyo saratani inaweza kuwa inaubana uti wa mgongo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kesho yake anaweza kuwa hawezi tena kusimama.

Kwa Wizara ya Afya, Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, ambayo imekuwa ikitibu tangu 1967, na vituo vya mikoani: tunaomba karatasi ya kila mzunguko wa kemo iongezwe mstari mmoja wa ngazi ya ganzi, 0 (hakuna) hadi 4 (ya kuhatarisha maisha), na mfamasia asichanganye paklitakseli kama mstari huo uko wazi. Glavu za upasuaji za saizi 6 hadi 7.5 ziagizwe pamoja na dawa, jozi mbili kwa kila mgonjwa kwa kila dripu. Na yale maswali matatu yabandikwe ukutani kwa Kiingereza, Luganda, Lwo, Runyankole na Kiswahili, kwani wapo wanaotoka Arua, Congo na Sudan Kusini ambao Kiswahili ndicho wanachoweza kujielezea kwacho.

Wauguzi na wafamasia wa tiba ya saratani,
Kampala